Mali ya Baba Iliyobaki Nje ya Wakfu

Marehemu baba aliacha hati ya wakfu, yaani ya mali iliyozuiwa isiuzwe wala isirithiwe ili mapato yake yawafae aliowataja, iliyoandikwa kwa uangalifu, yenye mipaka ya jengo na ya shamba, majina ya mashahidi na jina la mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, atakayemfuata, na kwa hiyo wengi waliokuja kutupa pole hapa Lamu walituambia kwamba sisi hatutasumbuka na mirathi, kwani mzee alikwisha kupanga kila kitu. Walisema kwa nia njema, lakini sivyo ilivyo. Hati ya wakfu hushika kile tu kilichotajwa ndani yake, na ambacho mwenye kuweka wakfu alikuwa akikimiliki siku alipotamka. Kinginecho chote, kiwe kikubwa au kidogo, hubaki kuwa mali yake ya kawaida maisha yake yote, na siku anapofariki huhamia kwa warithi wake kwa mafungu yaliyowekwa na sheria ya dini. Naandika haya kwa sababu nimeona, kwa jamaa na kwa majirani, kwamba ugomvi mwingi hauzuki juu ya kilichomo ndani ya wakfu bali juu ya hicho kilichobaki nje.

Wakfu wenyewe una vitu viwili: jengo la maduka lililo karibu na Usita wa Mui, na shamba la minazi upande wa Kipungani. Mapato yake yamewekewa watoto wote, wa kiume na wa kike, kwa kiasi kilicho sawa, kisha watoto wao, na kizazi kikikatika yaende kwenye msikiti wa mtaani. Mama hakutajwa, na hilo halikuwa la kumdharau, kwa kuwa nyumba tunayoishi ni yake mwenyewe, aliyopewa na babake alipoolewa kama ilivyo desturi ya mji huu, na baba alimhudumia mpaka siku yake ya mwisho. Wakfu ulitamkwa baba akiwa mzima wa afya, miaka mingi kabla ya kuugua. Jambo hilo lina uzito, maana wakfu unaowekwa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasiya (wosia), na hauruhusiwi kupita thuluthi ya mali pasipo ridhaa ya warithi.

Vilivyobaki nje vilikuwa vingi kuliko tulivyodhani. Palikuwa na akaunti ya benki, pesa kwenye M-Pesa, akiba na hisa katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, nusu ya jahazi alilolimiliki kwa ubia na rafiki yake wa tangu ujanani, punda watatu wa kubeba mawe na mchanga, deni alilokuwa akimdai fundi mmoja, na kiwanja huko Hindi, upande wa bara, alichokinunua baada ya hati ya wakfu kukwisha kuandikwa. Tulianza kwa kutenga kilicho cha mama. Makabati, kitanda cha kale, vyombo vya shaba na dhahabu zake vilitajwa mbele ya ami yetu na mbele yetu sote kuwa ni vyake, vikaondolewa katika hesabu, na hapo ndipo tulipoanza kuandika orodha ya mali ya marehemu. Naona kila familia ingeanza na hilo, kwa sababu mjane aliye ndani ya eda hana nguvu ya kubishana, na watu wakishazoea kuita kitu fulani mali ya mzee, ni vigumu kuwarudisha nyuma.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mutawalli mpya, alikuwa na rai iliyowapendeza wengi. Alisema kwamba nia ya baba ilijulikana, kwamba alitaka mali yake ikae pamoja isivunjwevunjwe, na kwa hiyo vitu hivi navyo viandikwe kuwa sehemu ya wakfu, mambo yaishe. Nampenda kaka yangu na najua hakuwa na tamaa. Hata hivyo nilimpinga tangu siku ya kwanza, na nilipinga kwa ajili ya mama. Katika jengo na shamba mama hana fungu. Katika mali iliyobaki nje ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, aliyopewa na Qurani katika Suratun Nisaa, na hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuifuta kwa kusema kwamba baba angependa hivi au vile. Siku baba alipofariki, kiwanja cha Hindi kiliacha kuwa chake. Sehemu yake ya nane ikawa ya mama, na sehemu nyingine zikawa zetu, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye bado yuko shule, akawa na sehemu ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuitoa kwa sababu hajafikia umri.

Tulikwenda kwa sheikh, na maelezo yake yalikuwa wazi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa pwani hii, wakfu hutimia kwa kutamka juu ya kitu maalumu, kilichopo, anachokimiliki mtu wakati huohuo, na ambacho hunufaisha huku chenyewe kikibaki. Hauwekwi juu ya kitu ambacho mtu atakuja kukinunua, wala, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, juu ya fedha taslimu, kwa kuwa fedha hainufaishi ila kwa kutumiwa ikaondoka. Kwa hiyo akaunti ya benki isingeweza kuingia katika wakfu hata kama baba angeitaja. Na mtu akisema kwamba kitu chake kiwe wakfu baada ya kufa kwake, kauli hiyo huwa ni wasiya, nao wasiya una mipaka miwili: haupiti thuluthi, na haumpi mrithi ziada juu ya fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie baada ya mauti.

Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi watu husoma mambo ya Marekani kwenye simu zao na kudhani kwamba yanahamishika. Huko mtu huunda amana, wanayoiita trust, akiwa hai, hubaki akiitumia na anaweza kuivunja, kisha huandika wosia wa ziada unaosema kwamba chochote alichosahau kukihamisha kimiminiwe ndani ya amana hiyo akishakufa; na mali iliyobaki ikiwa ndogo, majimbo mengi huwaruhusu warithi kuichukua kwa hati ya kiapo bila kesi kamili ya mirathi. Hapa Kenya nako, tangu marekebisho ya sheria ya wadhamini ya mwaka 2021, mtu anaweza kusajili amana ya familia. Lakini wosia wa kumiminia mali amana ambayo wanufaika wake ni baadhi ya warithi hugonga moja kwa moja ile mipaka miwili. Mwislamu anayeandikiwa karatasi hizo na wakili asiyeijua mirathi yetu anawaachia watoto wake kesi.

Na hata wakfu wa familia wenyewe haukupata salama kirahisi. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka India, Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni yake, liliamua kwamba wakfu unaonufaisha kizazi cha mtu kwanza, huku maskini na misikiti wakiwekwa mbali mno mwishoni, hausimami. Msimamo huo ulikuja kutumika pia katika shauri lililotoka Kenya. Waislamu wa pwani waliona jambo hilo kuwa ni dhuluma, na sheria ya wakfu ya mwaka 1951 ndiyo iliyokuja kuutambua wakfu wa mtu kwa ajili ya familia yake. Kitu kilichopiganiwa namna hiyo hakifai kutumiwa kuwa kifuniko cha kumnyima mjane haki yake.

Lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa akaunti ya benki. Baba alikuwa mutawalli wa wakfu wake mwenyewe: alikusanya kodi za maduka, akatugawia, na sehemu akaibakisha kwa ajili ya ukarabati, maana jengo la mawe ya matumbawe halina subira, boriti zikianza kuoza hazingoji. Pesa hizo zote zilipita katika akaunti moja pamoja na faida ya jahazi na malipo ya punda. Kwa hiyo salio la akaunti halikuwa lote mali ya marehemu. Sehemu yake ilikuwa amana, yaani mali ya wakfu aliyokuwa akiishika tu, na amana ya namna hiyo hairithiwi. Hurudishwa kwa mwenyewe kabla ya warithi kugusa chochote. Tungeigawa yote kama mirathi, tungekuwa tumemlipa mama na sisi wenyewe kwa pesa za wakfu. Na kama tungeikabidhi yote kwa mutawalli, tungekuwa tumewanyang'anya warithi.

Kilichotuokoa ni daftari lake. Baba aliandika kila kodi iliyoingia, jina la mpangaji na mwezi, na upande wa pili kila alichokitoa. Nilikaa na kaka yangu mkubwa tukalipitia ukurasa kwa ukurasa, tukilinganisha na taarifa za benki, na hapo ndipo maelewano yetu yaliporudi, kwa kuwa mbele ya maandishi ya mzee hapakuwa na cha kubishana. Tulikuta pia mahali ambapo alinunua boriti na chokaa kwa pesa zake mwenyewe bila kuandika kwamba anaukopesha wakfu. Sheikh akatuambia tukihesabu kuwa ni hisani yake, tusikidai. Palikuwa na vyumba viwili vya juu alivyoviongeza baada ya hati, na swali likawa ni vya nani. Wazee wawili waliokuwapo walishuhudia kwamba siku fundi alipomaliza, baba alitamka mbele yao kuwa navyo ni wakfu kama jengo lenyewe, basi vikabaki huko. Pasipo ushahidi huo vingeingia katika mirathi, na sijui tungeishi vipi na vyumba vya warithi sita juu ya maduka ya wakfu.

Nitoe mfano wa hesabu, kwa tarakimu za kufikirika, ili msomaji aone mpangilio. Tuseme akaunti ina shilingi 480,000, na daftari linaonyesha kwamba 160,000 ni kodi za wakfu. Zikitolewa hubaki 320,000, ambazo ndizo za marehemu. Gharama za mazishi na madeni yake, tuseme 80,000, hulipwa kwanza. Na katika madeni huulizwa pia mahari, kama mke alimaliziwa yote, kwani salio la mahari ni deni kama deni la duka. Kama kuna wasiya halali hufuata, usiozidi thuluthi ya kilichobaki. Baba hakuacha wasiya, basi hubaki 240,000. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Angekuwapo bibi, mama yake, angepata sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Warithi ni mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke huchukua thumuni, 30,000, na 210,000 zilizobaki hugawanywa mafungu saba, kila wa kiume mawili na kila wa kike moja: 60,000 kwa kila kaka, 30,000 kwa kila dada. Mimi nilipata nusu ya alichopata kaka yangu hapa, na kiasi sawa naye katika kodi za maduka, na yote mawili ni haki kwa kuwa kila moja lina mlango wake.

Upande wa karatasi hauna ugumu ukiufuata kwa mpangilio. Kibali cha mazishi hupelekwa kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ili kupata cheti cha kifo. Chifu wa eneo hutoa barua inayowataja warithi wote. Kisha shauri hufunguliwa katika Mahakama ya Kadhi, ambayo kwa kifungu cha 170 cha Katiba ina mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Watu wengi hudhani kwamba Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haituhusu kabisa. Marekebisho ya mwaka 1990 yaliiondoa mali ya Mwislamu katika kanuni za ugawaji za sheria hiyo, ni kweli, lakini yaliacha sehemu ya usimamizi wa mali iendelee kutumika pale isipogongana na sheria ya Kiislamu. Humo ndimo kilimo kifungu cha 45, kinachomkataza mtu yeyote kuishika, kuiuza au kuitumia mali ya marehemu pasipo idhini ya kisheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Humo pia ndimo inamosemwa kwamba palipo na mrithi mtoto, usimamizi hautolewi kwa mtu mmoja peke yake. Kwetu walioteuliwa ni mama na kaka yangu mkubwa.

Kwa hiyo, wakati mmoja wa jamaa alipopendekeza kwamba pesa za M-Pesa zitolewe kwa namba ya siri ya baba ili zigharamie hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, tulikataa. Hitima ni jambo jema, na watoto tuliichangia kutoka mifukoni mwetu. Pesa zile zilikuwa na sehemu ya mtoto ambaye hajafikia umri, na kumlisha mgeni kwa mali ya yatima ni jambo ambalo Qurani imelionya vikali mno.

Chama cha akiba kilikuwa na jambo lake. Baba alikuwa amemwandika kaka mdogo kuwa mteule wa kulipwa, na chama humlipa yule aliyeandikwa. Mahakama za kawaida zina misimamo yake juu ya malipo ya namna hii, lakini masheikh wetu walisema kwamba jina hilo linamfanya kaka awe mpokeaji tu, wala halimfanyi mmiliki, na kwamba akiba ile ni ya warithi wote. Ndugu yangu aliipokea hundi na akaileta mezani siku hiyohiyo. Sitasahau hilo, Mungu amlipe kheri.

Jahazi halikatwi vipande. Mshirika wa baba alikubali lithaminiwe na watu wawili wanaojua vyombo, akanunua nusu yetu kwa bei waliyokubaliana, na pesa zikaingia katika hesabu. Punda waliuzwa. Fundi aliyekuwa akidaiwa alileta mwenyewe sehemu ya deni na kuomba muda kwa iliyobaki. Warithi watu wazima walimpa muda huo, ila sehemu ya mtoto ilikatwa kutoka kwenye kile alicholipa kwanza.

Kiwanja cha Hindi ndicho kinachoendelea. Baba alikuwa na mkataba wa mauzo wa maandishi, uliotiwa saini na pande zote mbili na kushuhudiwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mikataba kwa ununuzi wa ardhi, lakini hatimiliki ilikuwa bado kwa jina la muuzaji. Wasimamizi wa mirathi ndio wanaosimama mahali pa baba katika mkataba huo. Tulifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, tukahakikisha kwamba kiwanja hakina rehani wala zuio, tukamlipa muuzaji salio, na sasa uhamisho unafanywa kwa jina la wasimamizi ili baadaye kiandikwe kwa warithi wote sita, kila mmoja na fungu lake.

Juu ya kiwanja hicho ndipo nia ya baba ilipopata nafasi yake halali. Kaka zangu wawili, mimi na dada yangu tunayefuatana tumekubaliana kwamba, hatimiliki ikitoka, kila mmoja atayaweka mafungu yake kuwa wakfu kwa hati mpya, kwa masharti yaleyale ya jengo la maduka. Mama amesema thumuni yake ataibakisha mikononi mwake, na hakuna aliyemuuliza sababu. Fungu la mdogo wetu litasubiri mpaka atimize miaka 18, aamue mwenyewe.

Kwa walio na wazazi hai waliokwisha kuweka wakfu au kusajili amana, ningeomba jambo moja lifanyike mapema, kwa adabu na kwa wakati ambao mzee ana utulivu: aulizwe ni nini alichokipata baada ya hati ile. Kila kitu kipya anachotaka kiingie kinahitaji tamko lake na maandishi yake kivyake, na kama anataka kumpa mtu moja kwa moja, basi iwe hiba, yaani zawadi, inayokabidhiwa mkononi akiwa mzima, kwani hiba isiyokabidhiwa hurudi katika mirathi. Pesa za wakfu ziwe na akaunti yake. Na daftari liwekwe mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anapajua.